Mama Georgette na Kikapu cha Upepo

Siku ya kwanza nilipomwona Mama Georgette, mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameketi mchangani pale Baraka, chini ya mlingoti mrefu wa serikali, amebana mgono katikati ya magoti, anaushonea vipande vya kitambaa kilichopakwa lami. Mgono ni mtego wa samaki uliosukwa kwa matete, mpana mdomoni na mwembamba nyuma. Mimi nilikuwa nimeleta sokoni ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu. Nikasimama nyuma ya watu kutazama, maana sikupata kuona mtego wa samaki unavishwa nguo.

Ilikuwa mwaka 1955. Mume wake, Wilondja, alikuwa amesimama juu ya pipa akifunga kamba ya mlingoti.

"Baba Georgette," mvuvi mmoja akamwita, "samaki wameisha majini? Sasa unatega mawingu?"

"Natega upepo," Wilondja akajibu. "Siku ukiuona huu mgono huko juu, upepo umeingia. We ubaki kwa mke wako."

"Na kama mke amenifukuza?"

"Basi nenda majini, hakuna atakayekulilia."

Watu wakacheka. Mama Georgette hakucheka. Alisema bila kuinua kichwa: "Wanaume banapiga maneno, na kamba ya chini haikufungwa. Ukianguka toka pipa ile, mi sitakuokota. Mikono yangu iko na lami."

Ndipo akainua uso kuangalia kamba, nami nikauona. Uso mpana, macho ya mtu anayependa kazi iishe, chale tatu ndogo kwenye paji, na doa la lami shavuni ambalo hakuna aliyemwambia. Nautaja uso ule kwa sababu sikuutazama tena maisha yake yote, ila mara moja. Mwaka uliofuata nilimwoa Georgette, binti yake, na kwetu Wabembe mwanamume hamtazami mama wa mke wake. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwingine apite. Hamli pamoja, hamwitani jina, hamsemeshani. Si chuki. Ni heshima, na mtu aliyelelewa vizuri huitimiza bila kufikiri, kama anavyofumba jicho vumbi likija.

Nieleze kidogo habari za mlingoti. Upepo mkali wa kiangazi hutoka kusini mwa ziwa. Hupiga Albertville kwanza, halafu Kigoma upande wa Waingereza, na saa chache baadaye unafika kwetu. Zamani tuliujua ulipokwisha kutufikia. Sasa wataalamu wa pande zote mbili za ziwa walikuwa wamepatana: kila kituo kipime uzito wa hewa na nguvu ya upepo, kisha kipashe habari vituo vingine kwa simu ya upepo, ile isiyo na waya. Habari ikifika Baraka, karani wa simu, Anatole, anakimbia kwa Wilondja, na Wilondja anapandisha alama nyeusi ambayo mtu akiwa mbali majini anaiona. Alama ya kwanza ilitoka Ulaya, ya turubai. Upepo wa kwanza uliipasua. Mama Georgette ndiye aliyesema mgono utafaa zaidi kwa sababu hewa inapita kati ya matete na vile vipande vya kitambaa. Watu wakauita kikapu cha upepo.

Wataalamu wawili walikuja mara moja kuutazama. Mmoja alikuwa Mbelgiji kijana, tulimwita Bwana Mvua kwa sababu alikuwa akipima mvua kila alikolala. Mwingine alikuwa Mwingereza aliyevuka kutoka Kigoma. Mwingereza hakujua Kifaransa na Mbelgiji hakujua Kiingereza, kwa hiyo waliongea wao kwa wao kwa Kiswahili, mbele ya wavuvi, na wavuvi waliwasahihisha. Mwingereza alisema Kiswahili cha ng'ambo, kilichonyooshwa kama nguo ya Jumapili. Alipouona mgono akasema, "Kazi nzuri mno, ahsante sana, Bibi." Mama Georgette akamwuliza mumewe, "Anataka kuununua?"

Wilondja alikufa kwa ugonjwa wa kifua mapema mwaka 1957, Georgette na mimi tukiwa na mwaka mmoja katika ndoa. Hakuna aliyetumwa kushika kazi yake. Mwaka huohuo ndio wataalamu wa nchi nyingi sana walikubaliana kuipima dunia kwa pamoja, ardhi, hewa na bahari, na habari za simu zikazidi kuja. Anatole aliendelea kuzileta nyumbani kwa Wilondja kama kawaida, na Mama Georgette akaendelea kupandisha kikapu. Huko Kigoma nadhani walidhani bado ni yule mwanamume.

Lakini kikapu kilionekana Baraka tu. Kijiji chetu kilikuwa nyuma ya kilima, kwenye njia ya Kazimia, mahali ambapo ziwa ni wazi na upepo unafika bila kuzuiwa na kitu. Wilondja akiwa hai, alikuwa akimaliza kufunga kamba anapanda kilima na kutupigia kelele kutoka juu. Sauti yake ilikuwa kubwa. Mama Georgette hakuwa na sauti ile, na zaidi ya hapo, wenye mitumbwi katika kijiji chetu tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Norbert. Mdogo wa mkwe ni mkwe pia.

Basi alikuwa akivuka kilima kwa miguu, anapita nyuma ya nyumba yetu, na kumwambia binti yake, naye Georgette ananiambia. Georgette akiwa shambani, mama yake alikuwa na njia nyingine. Alikaa nyuma ya ukuta na kuongea na kinu.

"We kinu," husema kwa sauti ya mtu anayegombana, "mwenye mtumbwi asiende leo. Upepo umekwisha kufika Albertville, banasema ni mukubwa. Unasikia, kinu?"

Nami upande wa pili wa ukuta naliambia jiko: "Jiko, kinu aambiwe tumesikia. Na aambiwe kuna ndagala kwenye kikapu, achukue."

"Kinu, hizi ndagala ni za juzi."

"Jiko, ni za jana."

"Kinu, pua yangu iko mzima."

Norbert alikuwa akitoka nje ili acheke vizuri. Yeye alikuwa mtu wa mzaha, hakuwa kama mimi. Alisema siku moja kinu kitachoka na kujibu chenyewe. Lakini tulikuwa tukitii. Kila mara kinu kiliposema tusiende, hatukwenda, na mara nyingi upepo ulikuja kweli, tukauona unavyopindua maji, nasi tumekaa barazani tunakula ndagala wa juzi.

Kiangazi cha mwaka 1958 Georgette alijifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kike. Kwa desturi, mzazi hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kianguke, na mama yake ndiye anayekuja kila asubuhi kumkanda kwa maji ya moto na kumwosha mtoto. Mama Georgette alikuwa akivuka kilima kila siku na kifurushi chake cha majani. Sisi wanaume tulikuwa tukihakikisha tumetoka nyumbani kabla hajafika.

Asubuhi ile tulikuwa pwani, Norbert na mimi, tunapakia ndagala wa kupeleka Kazimia. Ziwa lilikuwa kimya juu, lakini mawimbi mapana yalikuwa yakija polepole kutoka kusini na kuvunjika kwenye mawe kwa kelele nyingi. Upepo hakuna hata wa kutikisa jani. Tulikuwa tumevua mashati, tumebaki na kaputula zilizolowa, maana kazi ya kusukuma mtumbwi haitaki nguo.

Norbert akatazama kilimani. "Yaya," akaniita, kama tunavyowaita kaka zetu, "bamukwe anashuka."

Nikatazama haraka, nikageuza macho. Alikuwa bado mbali, amejifunika kitenge kichwani kama ilivyopasa. Njia ya kilimani inapita pwani kabla ya kufika kijijini, karibu sana na mahali tulipokuwa. Na sisi tulikuwa vifua wazi.

"Tusukume," nikasema. "Apite."

"Anatembea mbio leo."

"Amechelewa maji ya mtoto."

Tukasukuma. Mzigo ulikuwa mzito na mtumbwi ukakwama kwenye changarawe. Norbert akatazama tena chini ya kwapa. "Yaya, anakimbia sasa. Umemkosea nini? Ulimpa ndagala za juzi tena?"

"Nyamaza, sukuma."

Hatukuwa tumewahi kuona mama mkwe anakimbilia upande wa wakwe zake. Tulichofahamu ni kwamba tumemfungia njia na yeye ana haraka, na aibu ikatupa nguvu. Mtumbwi ukaingia majini. Tukarukia ndani na kushika makasia. Tulipokuwa tumepita mawe, nikasikia sauti yake, lakini kelele ya mawimbi ilimeza maneno. Baadaye watu walimwuliza alichosema. Alikuwa akiyaambia mawe ya pwani. Aliyaita mawe na kuyaambia yamwambie mwenye mtumbwi arudi.

Halafu akafanya jambo la mwisho alilokuwa nalo. Alivua kitenge kichwani na kukipunga.

Norbert aliona. Akasema, bila mzaha safari hii, "Yaya, usiangalie. Bamukwe iko kichwa wazi." Tukainamisha vichwa sote wawili, tukapiga makasia kwa nguvu kuliko tulivyowahi kupiga, ili tusimwaibishe zaidi. Kila alichofanya kuturudisha kilitupeleka mbali. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi, na bado sioni pale ambapo mmoja wetu watatu angefanya vingine. Angeweza kuita jina langu. Watu wanasema hivyo kwa urahisi. Lakini jina la mkwe halikai mdomoni mwa mwanamke wa kwetu, tangu utotoni wamemfundisha kutokuwa nalo. Siku ile, alimwambia Georgette baadaye, alilitafuta na hakulipata.

Upepo ulitukuta tumekwisha kupita rasi, mahali ambapo pwani ni majabali matupu. Haukuja kama upepo. Ulikuja kama ukuta wa maji meupe kutoka kusini, na mbele yake ndege. Tulitupa mzigo. Tulijaribu kuelekeza pua ya mtumbwi kwenye wimbi, tukaweza mara kadhaa, kisha hatukuweza. Mtumbwi ulipopinduka nilimwona Norbert ameshika upande wa pili. Alikuwa ananitazama na kusema kitu. Wimbi likapita juu yetu, na lilipokwisha kupita, upande wa pili hapakuwa na mtu.

Sina la kuongeza hapo. Nilibaki nimeshika mtumbwi mpaka ziwa lilipochoka nao na kututupa mimi na ubao wake mmoja kwenye kijichanga kidogo kati ya majabali. Kaputula yangu ilikuwa imechanika na kuondoka. Nilikuwa nimelala kifudifudi natapika maji.

Nilipoinua kichwa nilimwona mama mkwe wangu. Alikuwa ametufuata juu ya majabali pwani yote ile, na miguu yake ilikuwa inatoka damu. Alisimama amenipa mgongo. Kichwa chake hakikuwa na kitu, kwa sababu kitenge kile alikuwa amekitandika juu ya kichaka karibu na mkono wangu, ili nijifunike. Nikajifunika. Akangoja mpaka aliposikia nimeketi.

Ndipo akakiambia kichaka, "We kichaka, yule mwingine iko wapi?"

Sikuweza kukijibu kichaka. Akaelewa. Aliketi palepale alipokuwa, mgongo kwangu, na tukakaa hivyo, mimi nikitazama maji na yeye akitazama kilima, mpaka watu wakaja.

Norbert tulimpata upande wa Kazimia. Kwenye kilio mama yangu mzazi alisema mbele ya wote, "Angeita jina tu. Jina moja tu." Na mjomba wangu akamjibu, "Angeliita, wewe ungekuwa wa kwanza kusema binti wa watu gani huyu, mama yake hana adabu." Mama yangu hakukataa. Alilia tu. Mama Georgette alikuwa ameketi na wanawake wa upande wake, nyuma ya nyumba, na alisikia yote.

Wataalamu wale wawili walikuja tena mwisho wa kiangazi, kwa sababu habari ya mtu kufa ilikuwa imewafikia huko na huko. Waliweka meza ndogo chini ya mlingoti, na Anatole akasimama kati yao. Walitaka kujua kosa liko wapi. Waliuliza mambo moja baada ya jingine kwa upole sana. Albertville waliona upepo alfajiri? Waliona. Kigoma walithibitisha? Walithibitisha. Simu ilifika Baraka? Anatole akasema ilifika, naye aliikimbiza. Kikapu kilipanda? Kilipanda, watu wote walikiona, na mitumbwi ya Baraka ilibaki pwani.

Bwana Mvua akamgeukia Mama Georgette. "Na wewe ulikwenda kijiji cha pili?"

"Nilikwenda."

"Ulifika kabla mtumbwi haujaondoka?"

"Nilifika."

"Uliwaona?"

"Nilibaona."

"Basi ukawaambia nini, Mama?"

Mama Georgette alitazama mikono yake. Nilikuwa nimesimama mbali nyuma ya watu, mgongo umegeuka nusu kama inavyopasa, na niliona watu wote wametazama chini. Wote walijua. Hakuna aliyetaka kuwa ndiye wa kueleza mbele yangu na mbele yake kwamba alivua kitenge, na kwamba sisi tulikiona. Anatole alikohoa. Bwana Mvua akatazama mlingoti juu, akatazama chini.

"Kila kitu kilifanya kazi," akamwambia mwenzake kwa Kiswahili. "Kila kitu."

Mwingereza akasema, "Naam. Lakini mtu amekufa." Akavua kofia na kuipangusa ndani, ingawa haikuwa na kitu.

Walipoondoka waliacha honi ya mkono, ya kubana, kama za magari ya zamani. Anatole alimfundisha Mama Georgette kuibana. Alitaka kumfurahisha, akasema, "Hii haina wakwe, Mama. Hata kama mutu iko uchi, itamwita."

"Mungeileta mbele ya siku ile," Mama Georgette akasema, na akaenda kuitundika ndani.

Toka siku ile kila habari ilipokuja, tulikuwa tunasikia honi kilimani, nyembamba, inalia kama bata. Lakini kijiji chetu hakikuwa tena na mtumbwi. Alipanda kilima na kuibana kwa ajili ya nyumba zenye wanawake na mbuzi. Mara moja Georgette alimwambia asijichoshe, hakuna anayekwenda majini upande huu. Akajibu, "Najua," na mara iliyofuata akaja tena.

Mimi nilitaka jambo moja. Kwetu desturi ile ya kukimbiana ina mlango. Mkwe akitoa mbuzi na jembe, na wazee wa pande zote mbili wakila mbuzi yule, basi wanaweza kusemeshana, hata kama hawatazoeana. Wengine hufanya wakiwa wazee, wengine hawafanyi kamwe. Nilimtafuta mbuzi mzuri, nikamtuma mjomba wangu ampeleke. Si kwamba nilikuwa na neno kubwa la kumwambia mama mkwe wangu. Nilitaka tu awe na ruhusa ya kuniita.

Alimrudisha mbuzi. Georgette ndiye aliyeniletea jibu, naye alinipa bila kunitazama: "Mama anasema hapana. Anasema kama anaweza kukusemesha leo, bantu batauliza kwa nini siku ile alishindwa. Na yeye pia atajiuliza."

Nilingoja, nikajaribu tena baada ya mavuno ya mihogo. Mbuzi akarudi tena. Mjomba akaniambia niache, mbuzi atakonda kwa safari.

Mwaka 1959 miguu ya Mama Georgette ilianza kuvimba, kisha tumbo. Muuguzi kutoka Fizi alimpa dawa, akatwambia tusitegemee sana. Tukahamia Baraka, Georgette, mtoto na mimi, tukajenga kibanda nyuma ya nyumba yake. Georgette alimhudumia na kupandisha kikapu. Mimi nililima, nikachota maji na kuyaacha mlangoni. Jioni nilikuwa nikiketi nje, mgongo kwenye ukuta wa chumba chake, na yeye alikuwa ndani amelala upande wa pili wa ukuta uleule. Alikuwa akikohoa. Mimi nilikuwa nikikohoa kidogo, ajue nipo. Hakukuwa na kinu wala jiko kati yetu tena. Sijui kwa nini. Tangu siku ya kichaka hakuwahi kuongea na kitu ili nisikie, hata ndagala hakuzisema.

Asubuhi ya mwisho ninayotaka kuieleza, Georgette alikuwa amekwenda mtoni kufua matandiko, mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nimeketi mahali pangu. Anatole akaja mbio, amenenepa siku hizo, jasho linamtoka.

"Georgette iko wapi?"

"Mtoni."

"Kigoma wanasema upepo. Pandisha we basi, mi simu inalia kule." Akageuka na kukimbia.

Pwani mitumbwi miwili ilikuwa imekwisha kusukumwa majini, na watu wa mtumbwi wa tatu walikuwa wakiviringisha nyavu zao. Nitasema mapema kwamba upepo wa siku ile haukuwa kitu. Ulitikisa mahindi kidogo jioni, ukapita mbali ng'ambo. Ile mitumbwi miwili haikugeuka hata kutazama, na ikarudi salama na samaki. Lakini mimi hilo sikulijua. Niliwaona watu wakiingia majini, na nilikuwa namwona Norbert.

Nikakimbilia mlingotini. Nilikuwa nimemwona Georgette akifanya kazi ile, sikuwahi kuifanya. Nikafunga mgono kwenye kamba na kuvuta. Ulipanda kimo cha mtu, ukasimama. Nikavuta kwa mikono miwili. Nikajitundika kwenye kamba kwa uzito wangu wote. Kile kigurudumu cha juu kinachopitisha kamba, ambacho kila siku hupiga kelele mpaka sokoni, kilikuwa kimya. Mtumbwi wa tatu ukaanza kuondoka. Nilitaka kupiga kelele, na mimi nilivyo, sauti haikutoka. Niliitafuta honi kwa macho, nikakumbuka imetundikwa ndani, juu ya kitanda chake, mahali ambapo miguu yangu isingeweza kuingia hata nyumba ikiungua.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Nadhani alikuwa anasikiliza kigurudumu, na alijua ukimya ule maana yake nini. Nilisikia mkeka ukikwaruza, na pumzi yake, na kisha kimya kirefu, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mkono. Wiki ileile tulimzika, na kutoka asubuhi ile mpaka alipofumba macho hakunisemesha tena. Jina langu alilipata siku ile tu. Aliliita bila kinu, bila kichaka, kwa sauti ndogo lakini nyoofu, nami niligeuka na kumtazama kupitia mlangoni kabla sijakumbuka.

"Placide," akasema, "imekamata kule juu. Usivute kwa nguvu. Legeza kwanza, kisha vuta."